Wastani Usikudanganye

Mama mpenzi, kadi ya kliniki ya mwanao unaisoma bila shida: mstari ukipanda unafurahi, ukilala unaingiwa na hofu. Basi hata mchoro wa mapato ya watu hautakushinda.

Chukua watoto wawili wa mwaka mmoja. Mmoja ana kilo 5, mwenzake kilo 13. Wastani wao ni kilo 9, uzito mzuri kabisa! Kumbe yule wa kilo 5 yuko hatarini. Ndivyo wastani wa mapato unavyomficha mwenye njaa.

Mwaka 1971 mchumi wa Uholanzi, Jan Pen, alichora mapato ya Waingereza kama gwaride la saa moja. Kila mwenye kipato anapita, wafupi wakitangulia, na urefu wake unalingana na kipato chake. Mwanzoni hupita watu wadogo kama njiti za kiberiti. Dakika zinakwenda, bado ni wafupi tu. Mwenye kimo cha wastani huonekana zikiwa zimebaki dakika 12 hivi! Mwishoni kabisa yanakuja majitu, vichwa mawinguni.

Nilipousoma nilikumbuka kikundi chetu cha akina mama. Tulipanga mchango sawa kwa kila nyumba, na mwenzetu mmoja akaacha kuja. Tulimsema sana, nami nikiwamo. Nilipomtembelea nikakuta kiasi kile ni chakula cha wanawe cha wiki mbili. Siku hizi kila mmoja hutia chake kwenye bahasha isiyo na jina. Naye amerudi.