Maisha ya Kiungani: Si Mjini, Si Shamba

Ndugu msomaji, ukipanda gari namba 206 hapa Chwaka kwenda mjini, safari ni ya kilomita 30 na kidogo. Unapita Dunga, unafika Mwera. Toka hapo tazama dirishani. Mashamba ya minazi na mihogo yanapungua, nyumba zinaongezeka. Nyingine zimekamilika na kupakwa rangi. Nyingine ni kuta tupu za matofali, hazijaezekwa. Mpaka unafika Amani, huwezi kusema shamba limekwisha wapi na mji umeanza wapi.

Mahali hapo pa katikati ndipo kiungani. Watoto wetu wengi wanahamia huko kwa kazi, kwa masomo na kwa ndoa. Leo tutaeleza maisha ya huko yalivyo. Tutaeleza pia jambo moja kubwa ambalo mtu wa Chwaka lazima alijue kabla hajatoa pesa yake kununua kiwanja.

KIUNGA NI NINI?

Neno hili si geni. Kiunga ni shamba la miti lililo karibu na mji. Baadaye watu walijenga nyumba ndani ya viunga. Miti ikakatwa, jina likabaki. Leo tukisema viunga vya mji tuna maana ya mitaa ya pembezoni, kama vile Fuoni, Tomondo, Kiembe Samaki, Chukwani, Bububu na Mwera.

Mji wetu umekua hivyo hivyo tangu zamani. Kwanza ulikuwa Mji Mkongwe peke yake. Mkono wa bahari uliutenga na upande wa pili, na watu wakivuka kwa daraja. Ndiyo maana mpaka leo tunasema Darajani, ingawa maji hayapo tena, yamefukiwa. Waliokaa upande wa pili walikaa Ng'ambo. Walikuwa wachukuzi, mafundi, wavuvi, na watu waliotoka utumwani. Basi Ng'ambo ndiyo iliyokuwa kiunga cha wakati ule. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyojengea nyumba zao. Kwa hivyo ugomvi wa kiwanja si jambo la jana.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ilijenga majumba ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani. Mwaka 1968 wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walichora ramani ya kupanga mji. Mwaka 1982 wataalamu wa China walichora nyingine. Lakini watu walikwenda mbio kuliko ramani.

Tazama hesabu hii. Katika sensa ya mwaka 2012, Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 893,169. Toa hesabu hiyo mwenyewe. Utaona kwamba katika miaka 10 wameongezeka watu karibu laki 3. Kila mmoja anataka chumba, maji na choo. Mji Mkongwe hauna nafasi. Wataenda wapi kama si kiungani?

SIKU YA MTU WA KIUNGANI

Mtu wa kiungani huamka alfajiri kama mvuvi wa Chwaka. Lakini yeye haendi pwani kutazama maji kupwa na kujaa. Anakwenda barabarani kusubiri gari. Akichelewa kidogo, gari zimejaa. Jioni hurudi hivyo hivyo, na akifika nyumbani usiku umeshaingia.

Hebu tufanye hesabu ya nauli. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, kwenda na kurudi, analipa nauli mara 52. Kama mkewe naye anauza sokoni Mwanakwerekwe, hizo ni nauli 52 nyingine. Jumla 104. Pesa hiyo inatoka kabla hawajanunua hata kibaba cha mchele.

Sasa chukua karatasi na uigawe kwa mstari katikati. Upande wa kushoto andika vitu unavyopata Chwaka bila kununua, au kwa pesa kidogo: nazi, muhogo, kuni, kitoweo cha diko, maji ya kisima cha jirani. Upande wa kulia andika vitu hivyo hivyo kiungani. Utaona vyote vinanunuliwa. Nazi inanunuliwa. Mkaa unanunuliwa. Hata mchicha unanunuliwa. Umeme nao unalipiwa kwanza ndipo taa iwake.

Je, hapana faida? Faida zipo, tena kubwa. Mgonjwa akizidiwa usiku, Hospitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali. Kazi za vibarua, ufundi na biashara zinapatikana zaidi. Mtoto anayetaka kuendelea na masomo hana haja ya kukaa dahalia. Kweli, kwa miaka mingi skuli nyingi za mjini na viungani zilisomesha kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana, kwa sababu watoto ni wengi. Lakini katika miaka hii Serikali imejenga skuli za ghorofa ili kupunguza msongamano huo.

Kwa hivyo hatusemi mtu asihamie. Tunasema ahamie huku anajua.

MAJIRANI

Hapa Chwaka mtu akiuliza, "Yule mtoto wa nani?" anajibiwa mara moja, na babu yake anatajwa. Kiungani sivyo. Jirani wa kulia katoka Pemba, wa kushoto katoka Makunduchi, wa mbele katoka Bara. Kila mtu kaja na mila zake.

Lakini usidhani kwamba hawana ujirani. Msiba ukitokea wanazika pamoja na kusoma khitma pamoja. Kina mama hucheza upatu na kukopeshana. Vijana wana timu ya mpira. Ila ujirani huo haukurithiwa, unajengwa. Mgeni akikaa ndani na kufunga mlango, hana atakayemjua siku ya shida. Basi jambo la kwanza ukihamia ni kujitambulisha kwa sheha wa shehia hiyo. Jambo la pili ni kubisha hodi kwa majirani.

MAJI NA CHOO

Umeme na maji ya bomba ni raha, lakini raha hiyo inategemea waya. Mwezi Mei 2008 umeme kutoka Tanzania Bara ulikatika na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 ulikatika tena, miezi mitatu. Mashine za kusukuma maji zilisimama, na watu wa mjini wakarudi kutafuta visima. Waya mpya mkubwa zaidi uliolazwa baharini ulianza kazi mwaka 2013. Lakini tumejifunza kwamba nyumba ya kiungani nayo inahitaji kisima salama au tangi la kuwekea akiba ya maji.

Sasa sikiliza vizuri. Maji mengi tunayokunywa Unguja yanatoka chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na matundu. Uchafu wa choo cha shimo unaweza kupita katika nyufa hizo na kuingia kisimani haraka. Kwa macho maji ni meupe, kumbe yana vijidudu vya kipindupindu. Ugonjwa huu ulizuka hapa Zanzibar mwaka 1978, na umerudi mara nyingi. Mwaka 2015 na 2016 uliwapata watu wengi.

Wataalamu wa afya wanashauri kisima na choo viachane mita 30. Mita 30 ni kama hatua 30 ndefu za mtu mzima. Tuseme kiwanja chako kina upana wa mita 15 na urefu wa mita 20. Chimba choo katika pembe moja, na kisima katika pembe ya mbali kabisa. Pima kwa kamba toka pembe hii mpaka ile. Utapata mita 25 tu. Hazitoshi! Na bado hujahesabu choo cha jirani, ambacho pengine kiko nyuma ya ukuta wako.

Hapa Chwaka nyumba ziliachana, na tatizo hili lilikuwa dogo. Kiungani nyumba zimebanana. Kwa hivyo usichimbe kisima penye nyumba nyingi. Fuata maji ya bomba ya Mamlaka ya Maji, na maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote.

Mvua za masika nazo zina mambo yake. Huko Mwanakwerekwe maji yalikuwa yakijaa mpaka barabara haipitiki. Mwaka 2017 mvua kubwa zilijaza maji ndani ya nyumba za watu mitaa mingi. Sababu moja ni kujenga mabondeni, penye njia ya maji. Ukienda kutazama kiwanja wakati wa kiangazi, kila mahali ni pakavu. Waulize wenyeji, "Masika maji hufika wapi?" Au nenda ukatazame mwenyewe mwezi wa Aprili.

KWA NINI NJIA NI NYEMBAMBA?

Baada ya Mapinduzi ardhi ilitaifishwa, na wakulima wengi waligawiwa eka tatu tatu. Zilitolewa zilimwe, hazikutolewa zikatwe na kuuzwa vipande. Lakini mji ulipokaribia, eka nyingi za karibu na mji zilikatwa viwanja.

Eka moja ni kama mita za mraba 4,000. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 ni mita za mraba 300. Ukigawa, unapata viwanja 13. Muuzaji akiacha njia ya gari na mtaro wa maji, vinabaki kama 10. Hivyo vitatu vinampa tamaa. Anauza vyote 13. Matokeo yake, mama mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa mpaka barabara kuu, na gari la zimamoto halifiki. Kwa tamaa ya viwanja vitatu, mtaa mzima unakosa njia milele.

KARATASI YA KIWANJA

Hapa ndipo penye jambo kubwa tulilosema mwanzo. Chwaka, mpaka wa shamba lako unajulikana na wazee. Wao ndio hati yako. Kiungani wazee hao hawapo. Ukidhulumiwa, utaulizwa, "Karatasi iko wapi?"

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Basi karatasi mliyoandikiana chini ya mwembe si hati. Inaonyesha kwamba umetoa pesa, lakini haionyeshi kwamba aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza.

Muuzaji atakwambia, "Shekhe, fanya haraka, kuna mtu mwengine anakuja na pesa kesho." Usiharakishwe. Fanya haya:

1. Nenda ukaone kiwanja kwa macho yako. Waulize majirani wa pande zote nne mpaka uko wapi.

2. Muulize sheha kama kuna ugomvi wowote.

3. Uliza Kamisheni ya Ardhi kama mahali hapo panaruhusiwa nyumba, au pamewekwa kwa barabara, skuli au chemchemi ya maji.

4. Kama ni mali ya urithi, warithi wote wakubali, wanaume na wanawake. Mara nyingi kaka mmoja huuza, kumbe dada zake hawana habari. Kesho dada wanakuja kudai haki yao, na ni haki yao kweli.

5. Uliza miti ni ya nani. Hapa Unguja mti unaweza kuwa wa mtu mwengine na ardhi ya mwengine.

6. Soma karatasi yote kabla ya kutia sahihi. Tazama majina, mipaka minne, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe na mashahidi. Baki na nakala yako.

Ugomvi ukitokea, usichukue panga. Iko Mahakama ya Ardhi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Ndugu mwanakisomo, zamani watu waliandikiwa karatasi wasizoweza kuzisoma, wakaweka dole gumba tu. Wewe leo unasoma. Kama kijana wako anataka kununua kiwanja, mwambie akuletee karatasi kwanza. Isome polepole, neno kwa neno. Usilolielewa, uliza.

Na wewe usiyetaka kuhama, usiseme mambo haya hayakuhusu. Chuo Kikuu cha Taifa kiko Tunguu, ndani ya Wilaya yetu hii ya Kati. Mji unatufuata kwa barabara. Ipo siku mtu atakuja na pesa mkononi kuulizia shamba lako. Siku hiyo kumbuka njia, kumbuka maji, kumbuka warithi wako. Pesa ya ardhi huliwa mara moja, na shamba halirudi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja faida tatu na taabu tatu za kuishi kiungani.

2. Pima kwa hatua toka kisima chenu mpaka choo kilicho karibu. Ni hatua ngapi? Mfanye nini kama hazifiki 30?

3. Kwa nini karatasi ya kuuziana peke yake haitoshi?

4. Kama mashamba ya hapa Chwaka yatakatwa viwanja, njia za gari na mitaro ya maji zipite wapi? Chora ramani na mwonyeshe sheha.