Uchungu wa Uzazi: Dalili na Hatua Zake

Si kila maumivu ya tumbo katika wiki za mwisho za ujauzito ni uchungu wa uzazi. Mji wa mimba hukaza na kulegea kwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, na mikazo hiyo ya maandalizi huweza kumkosesha mama usingizi. Hutambulikana kwa mwenendo wake kuliko ukali wake: huja bila mpangilio, na mara nyingi hutulia mama anapobadilisha mkao au kupumzika. Uchungu wa kweli hautulizwi na hayo. Aghalabu huanzia kiunoni na kuzunguka hadi chini ya kitovu, nao huzidi kukaribiana, kurefuka na kupata nguvu kadiri saa zinavyopita.

Ute mzito wenye damu kidogo huashiria kwamba mlango wa kizazi umeanza kubadilika, ingawa uchungu waweza kuchelewa hata siku kadhaa. Kupasuka kwa chupa ni jambo jingine. Mama aende kituoni hata kama hasikii maumivu, kwa kuwa kinga ya mtoto dhidi ya maambukizi imeondoka. Maji yakiwa ya kijani, huenda mtoto amejisaidia tumboni. Damu nyingi, mtoto kuacha kucheza, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au degedege: hayo hayasubiri uchungu uanze.

Hatua ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Mwanzoni mlango wa kizazi hulainika, hufupika na kufunguka polepole hadi sentimita 5. Kipindi hiki hakina muda maalumu. Kwa miaka mingi wahudumu walifundishwa kwamba kuanzia sentimita 3 au 4 mlango hufunguka angalau sentimita 1 kila saa, na mstari wa tahadhari katika patografu, iliyoenezwa na Philpott na Castle mwaka 1972 kutokana na kazi yao katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ulichorwa kwa kipimo hicho. Utafiti uliofanyika Nigeria na Uganda ulionyesha kwamba wanawake wengi huenda polepole kuliko hapo, nao hujifungua salama. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba uchungu kamili huanza katika sentimita 5, na kwamba mwendo wa chini ya sentimita 1 kwa saa pekee si sababu ya kumwongezea mama uchungu au kumfanyia upasuaji.

Neno "amechelewa" huandikwa kwa wepesi mno katika mafaili. Hata hivyo, subira si uzembe. Kuanzia sentimita 5, hatua hii kwa kawaida haizidi saa 12 kwa mzazi wa kwanza, na saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa. Mikazo ikiwa na nguvu na mtoto hashuki, huenda ni uchungu pingamizi, ambao huweza kupasua mji wa mimba au kuacha fistula. Ndiyo maana dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu ni za hatari: huongeza nguvu ya mikazo bila mtu kujua kama njia inapitika. Mama aliyezitumia amweleze mkunga bila kuogopa kugombezwa, na mkunga naye asigombeze.

Hatua ya pili huanza mlango ukifunguka sentimita 10 na kuishia mtoto anapozaliwa. Mama asukume anapopata msukumo wa mwili wake, katika mkao aupendao.

Hatua ya tatu ni ya kutoka kwa kondo la nyuma, na hapa ndipo furaha ya kumpokea mtoto huwasahaulisha watu kumtazama mama. Sindano ya oksitosini, uniti 10, hudungwa mara tu mtoto anapozaliwa, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna pacha tumboni. Kondo lisipotoka ndani ya dakika 30, mama anahitaji msaada zaidi. Hata baada ya kondo kutoka, mji wa mimba uliolegea huweza kumwaga damu nyingi kwa dakika chache. Kwa hiyo katika saa mbili za mwanzo mkunga hulipapasa tumbo mara kwa mara kuhakikisha kwamba mji umekaza, na kupima mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Ndugu aliye kando ya kitanda akiona khanga imelowa damu, au mama anaingiwa na kizunguzungu na jasho baridi, amwite mkunga papo hapo, hata kama ndiyo kwanza ameondoka.