Simu ya Mlalamikaji Mezani pa Askari

Tuseme mama mmoja mkimbizi amefika kituoni Nakivale, wilayani Isingiro, akaiweka simu yake mbele ya askari wa zamu. Katika kundi la WhatsApp alimoingizwa na mwanawe, sauti ya mtu asiyemjua inawaita watu wa kabila lake nyoka, na inautaja mtaa wanamokaa. Askari afanye nini?

Makazi ya Nakivale yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Waliokimbizana huko walikotoka huteka maji bomba moja. Neno lililosemwa Kivu asubuhi laweza kufika Nakivale na Mbarara kabla ya chakula cha mchana. Na neno si upepo. Mwaka 1994 Radio Mille Collines iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze kwa kazi ya redio hiyo na ya gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo vyao, haikuwaachia.

Hata hivyo, ndugu askari, si kila neno linalochoma ni kosa la jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 kiliadhibu mawasiliano ya kuudhi. Tarehe 10 Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha, kwa kuwa hakikuwa na mpaka unaoeleweka na kilibana uhuru wa kusema. Basi aliyemkejeli mkubwa hawi mhalifu kwa sababu mkubwa amekasirika. (Wapo wanaoliona hilo gumu kulimeza.) La mama yule ni jingine: pana kundi linalolengwa, pana mahali palipotajwa, na pana wito wa kudhuru. Kutishia na kuchochea ghasia ni makosa katika Kanuni ya Adhabu.

Mama asiifute sauti ile, wala asimjibu msemaji. Askari aandike namba iliyotuma, jina la kundi, tarehe na saa. Simu ikichukuliwa, apewe hati. Asiirushe kwa wenzake ati waone maajabu, maana hapo amekuwa msambazaji. Picha za uchi za mtoto ni hatari zaidi: sheria ile ya 2011 inakataza hata kuwa nazo, hivyo zisinakiliwe, bali simu yenyewe ikabidhiwe wapelelezi. Kwa usalama wa mtoto ipo pia namba 116, isiyolipiwa.

Mkalimani asitoke katika kundi linalotuhumiwa, na jina la mlalamikaji lisitajwe nje ya ofisi, kwani yeye atarudi kulala jirani na hao anaowaogopa. Aondoke na namba ya taarifa yake, na doria ipite katika mtaa uliotajwa usiku uo huo.