Kuuliza Riba Hakuhitaji Namba ya NIDA

Nilikaa dawati la mikopo katika benki moja hapa Dar es Salaam hadi nilipostaafu, na hakuna faili lililomweka mtu wazi kama la mkopo wa nyumba. Ndani yake mna hati za mshahara, barua ya mwajiri, cheti cha ndoa, nakala ya hati ya kiwanja. Taarifa ya akaunti peke yake iliniambia mtoto anasoma wapi, dawa zinanunuliwa duka gani, na nani hutumiwa pesa kila mwisho wa mwezi. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nayo imo: ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Haya yote watu huyapiga picha na kumtumia kwa WhatsApp dalali waliyekutana naye kwenye kundi la viwanja, kwa sababu tu walitaka kujua riba ni asilimia ngapi.

Kuuliza si kuomba. Anayelinganisha mikopo atoe mambo manne: kipato cha mwezi, bei ya nyumba, kianzio alichonacho na miaka anayotaka kulipa. Kwa hayo, ofisa anayejua kazi yake atakukadiria rejesho. Jina lako la tatu halimsaidii kupiga hesabu.

Mwalimu mmoja wa Chanika alinijia simu yake ikiita mfululizo. "Mama, nilijaza fomu moja tu mtandaoni. Leo kuna mtu ananitajia hadi mshahara wangu." Tukaifungua ile fomu pamoja. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya vema: anakubali taarifa zake wapewe "washirika". Ni nani hao, hapakuandikwa. Aliyempigia alidai kuwa wakala wa TMRC na akataka ada ya fomu itumwe kwenye namba yake binafsi. Sasa, TMRC ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 2010, nayo huzikopesha benki ili nazo ziweze kutukopesha kwa miaka mingi. Haimkopeshi mtu mmoja mmoja, wala haina wakala wa kukupigia usiku. Ukitumiwa ujumbe wa namna hiyo, upeleke namba 15040 ya kuripoti utapeli, halafu nyamaza.

Kabla ya kujaza chochote, angalia kama mkopeshaji yumo katika orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Anwani ya benki iandike mwenyewe, herufi kwa herufi, usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Na programu ya mkopo wa nyumba ikiomba kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako, ifute. Shemeji zako hawahusiki na nyumba yako.

Kinachoniumiza zaidi ni steshenari. Mtu anatuma hati zake kwa namba ya duka ili zichapwe, analipa, anaondoka na karatasi. Picha zinabaki kwenye simu ya duka na kwenye kompyuta ambayo kila mteja anaigusa. Simama pale pale, mwombe kijana afute mazungumzo na mafaili mbele yako, na lile pipa la taka la kompyuta nalo limwagwe. Si kumtukana. Wengi wao hufanya bila kinyongo ukiwaomba vizuri.

Ukishachagua benki moja, ndipo nakala zitoke. Andika kwa kalamu katikati ya kila ukurasa, juu ya maandishi yenyewe: kwa maombi ya mkopo wa nyumba tu, jina la benki, tarehe. Nakala ya hivyo haimfai mtu anayetaka kuitumia kwingine. Hati ya kiwanja ipeleke tawini mkononi, na upewe risiti yenye sahihi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazitaka kwa kazi gani. Benki ulizoziacha ziandikie barua fupi: uliza wanatunza nini chako na kwa muda gani, na uwakataze kukitumia kukutangazia biashara. Wakikaa kimya, malalamiko yapeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukiambatanisha nakala ya barua hiyo.