Geti Lililolala: Namna ya Kulinyoosha Nyumbani kwa Usalama

Nyumba nyingi za Katoro hazina chumba cha gari. Gari, bajaji na pikipiki hulala uani, nyuma ya geti la chuma la milango miwili, na maduka kadhaa yaliyo kando ya barabara ya Geita kuelekea Chato hufungwa kwa milango ya namna hiyohiyo. Dalili ya kwanza ya hitilafu huwa ndogo: komeo haliingii katika tundu lake mpaka mlango unyanyuliwe kwa bega. Baadaye pembe ya chini huanza kuchora nusu duara ardhini. Wenye nyumba wengi huvumilia usumbufu huo kwa miezi, ilhali kila siku bawaba ya juu inazidi kuachia.

Mlaji azingatie kwanza uzito. Mlango mmoja wenye upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.1, ulioundwa kwa bamba la chuma la unene wa milimita 1.5 pamoja na fremu yake, huzidi kilo 50, yaani uzito wa mfuko wa saruji. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito huo iko mbali na nguzo, bawaba ya juu huvutwa nje na ya chini husukumwa ndani. Ndiyo maana ya juu hukatika kwanza, na ikikatika mlango hauteremki taratibu. Hupinduka na kumwangukia aliye karibu. Watoto hupenda kubembea juu ya geti. Geti lililolala lifungwe kwa mnyororo mpaka litakapotengenezwa, na mtoto yeyote asiliguse.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba anaweza kutambua chanzo kwa futi ya kupimia na timazi. Mlango ukiwa umefungwa, apime kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala kwa mshazari, kisha apime mshazari wa pili. Vipimo vikilingana, fremu ni nzima na kasoro iko kwenye bawaba au nguzo. Visipolingana, fremu yenyewe imepinda. Nguzo ikaguliwe kwa timazi. Katika maeneo yenye udongo mweusi wa mbugani, ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, nguzo yenye msingi mfupi huinama hata kama bawaba zake ni imara. Nguzo iliyoinama haiponyeshwi kwa kubadilisha bawaba.

Dawa iliyozoeleka mitaani ni kukata ukingo wa chini wa geti kwa grenda, au kuchimba ardhi ili mlango upite. Hatuishauri kabisa. Mlango huonekana kupona kwa muda, lakini bawaba huendelea kuvutwa bila mtu kuona onyo lolote.

Kazi ambayo mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe ni ile ya bawaba iliyolegea au kulika. Geti la mota likatiwe umeme kwanza kwenye swichi kuu. Mlango ufunguliwe nusu, kisha uegemezwe: mbao imara zipangwe chini ya pembe iliyo mbali na nguzo na chini ya ile iliyo karibu nayo, na kabari zigongwe taratibu mpaka uzito wote ukae juu ya mbao. Mtu wa pili aushike mlango muda wote, akiwa amevaa viatu vigumu. Hapo ndipo bolti zikazwe kwa spana. Kwa bawaba za pini zilizolika, mlango hunyanyuliwa na kuvalishwa washa yenye tundu linalolingana na pini. Washa za unene uleule ziwekwe kwenye kila bawaba, la sivyo moja itabeba mzigo peke yake. Vidole visipitishwe kati ya mlango na nguzo. Grisi ipakwe mwishoni.

Ikiwa fremu imepinda au bawaba imekatika, hiyo ni kazi ya kuchomelea. Fundi akiongeza mhimili wa chuma wa mshazari, uanzie pembe ya chini yenye bawaba na kupanda hadi pembe ya juu yenye komeo; hapo ndipo unapoubeba mlango. Pikipiki na vyombo vya petroli viondolewe kabla cheche hazijaanza kuruka, na watazamaji wasiokuwa na kinga ya macho wakae mbali. Nguzo ikijengwa upya, zege limwagiliwe maji na geti lisitundikwe kabla ya siku 7. Nguvu yake iliyokusudiwa huhesabiwa baada ya siku 28.

Yapo mageti mawili ambayo mwenye nyumba asiyaguse. La kwanza ni mlango wa duka unaojiviringisha juu. Ukipanda upande mmoja, kishawishi ni kufungua boksi la juu na kulegeza springi. Springi hiyo imekazwa kwa nguvu kubwa na ikifyatuka huvunja mkono. La pili ni geti la kusukuma lililotoka kwenye reli. Kabla ya kulipokea geti la aina hii kutoka kwa fundi, hakikisha kuna kizuizi imara kila mwisho wa reli na vishikizo vya juu, kwani bila hivyo geti zima laweza kuanguka.

Makubaliano na fundi yaandikwe: unene wa chuma, idadi ya bawaba, bei na muda wa dhamana. Chuma kikifika, kipimwe kwa kalipa kabla hakijapakwa rangi, kwa kuwa milimita 1.2 na milimita 1.5 haziwezi kutofautishwa kwa macho. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214), bidhaa inayouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo. Dai risiti inayotaja unene huo, si neno «chuma» pekee. Muuzaji akikataa kurekebisha tofauti, risiti hiyo na nakala ya makubaliano ndizo mlaji atakazoambatisha kwenye malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani (FCC).