Tuyajue maji yatokako kabla ya kuyachafua

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Walisema kweli, ila hawakutuambia tufanyeje pale ambapo mkondo wenyewe hauonekani kwa macho. Katika nchi za mawe ya chokaa, mvua haitiririki juu ya ardhi hadi mtoni kama ilivyo kwingineko. Hunywewa na nyufa za mwamba, ikapotelea mapangoni, kisha ikaibuka katika chemchemi au kisima kilicho mbali na pale iliponyesha. Anayeyateka maji hayo hajui yatokako, na anayeyachafua hajui yaendako.

Jambo hili si geni kwetu. Sehemu kubwa ya ufuo wa pwani ya Kenya imejengwa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Mji wa Shimoni, kule Kwale, umepata jina lake kutokana na mapango yaliyoko pale. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni kutoka angani na udongoni, yakawa na ukali kidogo, na kwa maelfu ya miaka yakalila jiwe hadi likatoboka. Hata hivyo, juu ya mwamba huo uliojaa matundu, twachimba kisima hapa na choo pale, tukidhani kwamba hatua chache za ardhi zatosha kuvitenganisha. La hasha! Mchanga huchuja uchafu. Ufa wa jiwe hauchuji kitu.

Je, yawezekana kuufuata mkondo usioonekana? Hebu tutazame mto Reka wa Slovenia. Mto huo huingia katika mapango ya Škocjan ukatoweka, na inaaminika tangu kale kwamba maji yake huibuka katika chemchemi za Timavo, nchini Italia, umbali wa kilomita zipatazo 40. Watu walihangaika sana kulithibitisha hilo. Mwaka wa 1907 walitia kemikali katika maji ya juu wakazitafuta kule chini. Katika miaka ya 1920 waliachilia hata samaki aina ya mikunga waliotiwa alama. Majaribio hayo yalionyesha kwamba njia ipo. Lakini swali moja lilibaki: je, maji yote ya Timavo ni ya Reka?

Jibu lilipatikana ndani ya maji yenyewe. Kila mwanafunzi wa kemia ajua kwamba maji ni haidrojeni na oksijeni. Wengi hawaambiwi kwamba atomi hizo hazilingani uzito. Katika kila atomi 1,000 za oksijeni, karibu 2 zina uzito wa 18 badala ya 16. Katika kila atomi 6,400 hivi za haidrojeni, moja ina uzito maradufu. Aina hiyo iligunduliwa na Mmarekani Harold Urey mwaka wa 1931. Hizi ndizo isotopu thabiti. Zinaitwa thabiti kwa kuwa hazitoi mnururisho wala hazibadiliki, na hazina madhara kwa mnywaji.

Wingu linapopanda mlima, maji mazito hutangulia kuanguka. Kwa hiyo mvua ya kileleni huwa na isotopu nzito chache kuliko mvua ya bondeni. Maji ya ziwa yaliyopigwa na jua nayo hubaki na nyingi zaidi, kwani yale mepesi ndiyo hutangulia kugeuka mvuke. Mwaka wa 1961 Harmon Craig alionyesha kwamba mvua za dunia nzima hufuata kanuni moja inayounganisha isotopu za haidrojeni na za oksijeni. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na lile la hali ya hewa duniani yamekuwa yakikusanya sampuli za mvua. Entebbe na Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo vya awali. Zaidi ya hayo, maji baridi yapitapo katika jiwe la chokaa hayabadilishi alama hiyo kwa kiasi cha kutupotosha.

Basi huko Timavo ilionekana kwamba maji si ya Reka na mvua ya karibu pekee. Sehemu yake ina alama ya milima mirefu ya Alps, yaani yametokana na mto Soča, ambao Waitalia huuita Isonzo, na kupenya chini kwa chini.

Mwalimu aweza kulifanya hili kuwa zoezi la hesabu darasani. Tuseme mvua ya mlimani ina alama ya –9, mvua ya bondeni ina –6, na chemchemi ina –8. Kutoka –6 hadi –9 ni hatua 3. Chemchemi imekwenda hatua 2 kati ya hizo. Kwa hiyo thuluthi mbili za maji yake ni za mlimani. Kwa njia iyo hiyo, kisima cha pwani kikiingia chumvi, isotopu husaidia kutambua kama ni bahari imepenya au chumvi hiyo ina asili nyingine, kwa sababu maji ya bahari yana alama iliyo karibu na sifuri.

Sidai kwamba isotopu ni dawa ya kila tatizo. Hazioni vijidudu, kazi hiyo bado ni ya maabara ya afya. Lakini zatuambia ni ardhi ipi inayolisha kisima, na kwa hiyo ni ardhi ipi ya kulindwa. Ambao bado wana shaka na waukumbuke mji wa Walkerton, nchini Kanada. Mwezi wa Mei 2000, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi katika kisima cha mji kilichochimbwa katika mwamba wa chokaa wenye nyufa, nayo dawa ya kusafishia maji haikutosha. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,300 wakaugua. Ikiwa hayo yalifika nchi tajiri, sembuse sisi?

Kwa maoni yangu, kabla ya kuidhinisha kisima cha umma au mtaa mpya katika ukanda wa matumbawe, serikali za kaunti za pwani hazina budi kudai maji yapimwe, isotopu zikiwamo, na asili yake ijulikane. Sampuli yenyewe ni chupa ndogo tu iliyofungwa vyema. Vyuo vikuu vyetu na vishirikishwe, na shule za sekondari zifundishe jambo hili kwa mifano ya visima vya kwao, si kwa mito ya ng'ambo pekee.

Wahenga pia walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za mwamba wa pwani hatuwezi kuziziba. Lililo katika uwezo wetu ni kujua zinakoelekea, ili tusimwage upande huu kile ambacho mtoto wa jirani atakuja kukinywa upande wa pili.