Mzazi na Mtoto katika Unix: Istilahi na Hitilafu za Kumbukumbu

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazoelezwa kwa Kiswahili kwa njia ya tafsiri sisisi, mzazi na mtoto huonekana nyepesi mno. Wepesi huo unahadaa. Katika Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mchakato ni programu inapokuwa kazini. Na mchakato mpya huzaliwa pale ule wa awali unapotoa amri ya fork, neno lenye kudokeza njia panda.

Mtoto huyo harithi kwa maana iliyozoeleka. Mali ya urithi huhama au hugawanywa. Hapa mtoto hupata nakala ya kumbukumbu ya mzazi, na mzazi akabaki na yake. (Mifumo ya sasa huchelewesha unakili hadi mmoja wao aandikapo, lakini matokeo ni yale yale.)

Tuseme mtunzi wa programu ameomba nafasi kwa malloc kabla ya fork, akitaraji kwamba mtoto ataandika humo matokeo ya hesabu. Mtoto anaandika na kumaliza. Mzazi anasoma na kukuta sifuri zilizowekwa mwanzo. Anwani zikichapishwa, zinafanana katika michakato yote miwili, naye mtunzi huapa kwamba kumbukumbu ni moja. Kumbe anwani ina maana ndani ya mchakato wake tu: chumba namba 12 kimo katika kila hoteli ya mtaa.

Mchunguzi hana budi kuchapisha namba ya mchakato kando ya kila anwani. Akitumia gdb, atambue kwamba kwa kawaida chombo hicho humfuata mzazi. Sharti kiamriwe kumfuata mtoto. Dawa yenyewe ni kuomba eneo la pamoja kwa mmap kabla ya fork, na mzazi asubiri. Hata hapo mtego husalia, nao ndio mgumu kuliko yote: mtoto akiita malloc, kisha akaweka katika eneo hilo anwani aliyopewa badala ya data yenyewe, mzazi atapokea namba ya chumba ambacho kwake hakipo, au kina mgeni mwingine. Programu yaweza kuanguka. Vibaya zaidi, yaweza kuendelea na kutoa jibu la uongo.

Istilahi pacha ingeieleza kumbukumbu vizuri zaidi. Ila pacha hana wajibu wa kumsubiri mwenziwe, ilhali mzazi ndiye apokeaye taarifa ya mwisho wa mtoto, na mtoto aliyefiwa na mzazi hukabidhiwa mlezi, aghalabu mchakato namba 1.